Safari ya Lwiro: mabinti wetu watatu na swali la mihogo



Wiki tatu zilizopita tuliwaambia katika gazeti letu hili dogo kwamba mabinti watatu wa chama, wote wa mwaka wa tatu wa humanite, seksioni ya Biolojia-Kemia, wanajiandikisha katika mashindano ya utafiti wa bioteknolojia kwa wanafunzi wa sekondari. Tangu siku ile maswali yanatujia kila mkutano. Bioteknolojia ni kitu gani? Si mambo ya Wazungu na mashini zao? Itatuomba franka ngapi? Na kwa nini wasichana wazunguke na chupa za unga wakati mitihani ya mwisho wa mwaka inakaribia?

Jumamosi iliyopita tulienda nao mpaka Lwiro: wamama wanne, mabinti watatu na mwalimu wao wa kemia. Tunawaeleza tuliyoyaona, na kwa njia hiyo tutajibu maswali yenu.

Tuanze na neno lenyewe. Bioteknolojia ni kutumia viumbe hai, hata vile vidogo visivyoonekana kwa macho, ili kutengeneza au kubadilisha kitu. Mama anayekamua ndizi mbivu, akatia unga wa mtama na kungoja kasiksi ichachuke, anafanya bioteknolojia. Anayegandisha maziwa ya mashanza, vilevile. Na mama anayetia mihogo michungu ndani ya maji mpaka ilainike, akaianika, akaisaga, anafanya bioteknolojia kila wiki bila kuambiwa jina lake. Ndiyo sababu mabinti wetu hawakutafuta swali mbali. Walilipata katika sufuria ya bugali.

Swali lao ni hili: mihogo michungu inapaswa kulowekwa siku ngapi ili unga wake usidhuru mtoto, na je, siku hizo ni sawasawa kwa maji baridi ya milimani na kwa maji ya moto ya bonde la Ruzizi?

Kwa nini swali hili ni zito

Ndani ya mhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini. Peke yake kimetulia. Lakini mzizi huohuo una kimeng'enya, na mzizi ukipondwa, ukikatwa au ukilainika majini, viwili hivyo vinakutana na kutoa sumu ya sianidi. Sumu hiyo ni nyepesi: inatoka na maji na kuruka hewani. Kwa hiyo kulainika ndiyo dawa. Mhogo mchungu ulioanikwa upesi juani bila kulowekwa vizuri unabaki na linamarini yake ndani, hata kama unga wake ni mweupe kama karatasi. Weupe haumwambii mama kitu.

Mama anayeharakisha anajua sababu zake. Njaa iko nyumbani, mnunuzi anangoja, mto uko mbali, au kuna risasi na watu wanakimbia. Anayepaswa kuloweka siku nne analoweka moja. Na hapo ndipo konzo inaingia.

Konzo ni ugonjwa unaolemaza miguu yote miwili kwa ghafula. Mtoto analala mzima, anaamka magoti hayamsikii. Jina limetoka katika lugha ya Wayaka, upande wa Kwango, na daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu katika Kongo hiyo mwaka 1938. Unashika zaidi watoto na wamama walio katika umri wa kuzaa. Miguu ikishalemaa, hakuna dawa ya kuirudisha. Wengi wetu tulidhani ni shida ya Bandundu tu. Lakini mwaka 2011 wanganga na watafiti wa kwetu walichapisha habari ya konzo kutokea hapa Kivu ya Kusini, upande wa Burhinyi, katika mazingira ya vita na ufukara. Basi si jambo la mbali.

Njiani

Tulitoka Nyawera saa kumi na mbili asubuhi ndani ya basi ndogo, na mabeseni na mifuko ya unga miguuni. Tukielekea kaskazini, ziwa liko mkono wa kuume, na wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi na mitumbwi yao ya taa. Mkono wa kushoto vinapanda vilima vya Kabare, migomba na maharagwe, kisha mikaratusi, na nyuma kabisa mlima Kahuzi wenye meta 3,308, umejifunika mawingu kama mama aliyejitanda kitenge.

Mwalimu aliwafundisha mabinti palepale ndani ya basi. Tulipopita mashamba ya kinkina aliwauliza: mti huu unatoa nini? Wakajibu: kinini, dawa ya malaria, inatoka katika ganda lake. Tulipofika upande wa Mulungu aliwaonyesha njia ya kituo cha utafiti wa kilimo. Wabelgiji walianzisha shirika lao la kilimo, INEAC, mwaka 1933, na leo kituo cha Mulungu ni cha INERA. Upande huohuo wa Kabare kiko pia kituo cha IITA cha Kalambo, ambacho kinashughulikia mihogo na migomba. Mama mmoja wetu akasema, "Tunapita hapa miaka ishirini tukienda sokoni, na hakuna aliyetuambia kwamba tunapita katikati ya elimu." Tulicheka, lakini maneno yake yalitubakia.

Mudaka

Pale Mudaka tulisimama ili mabinti wanunue unga wa kujaribia. Walimkuta mama mmoja amepanga vikombe vyake vya unga juu ya gunia. Walimsalimu vizuri, wakanunua vikombe viwili. Kisha mmoja wao akafungua kaye yake na kuuliza:

"Mama, mihogo hii ililowekwa siku ngapi?"

Uso wa mama yule ulibadilika. "Binti yangu, nyinyi ni wa ofisi gani? Mnakuja kufunga soko langu?"

Mabinti wakanyamaza. Mwalimu alitaka kueleza, lakini mama prezidenti wetu alimshika mkono na kuketi chini karibu na muuzaji, kama mtu anayekuja kununua. Alimwambia sisi ni nani, watoto hawa ni wa nani, na kwamba kila unga utapewa namba bila jina la mtu.

Mama yule alifikiri. Akasema: "Watoto wangu sita wanakula unga huu huu ninaouza. Kama mtaona ubaya ndani yake, mniambie mimi kwanza, kabla ya soko. Mkifanya hivyo, chukueni hata kikombe cha tatu, bila feza. Na nitawaambia ukweli: hii ililala maji siku mbili. Siku ya tatu askari walipita pale mtoni, tukaiopoa."

Wamama, ndani ya maneno hayo kuna sheria nzima ya utafiti. Mtu anayetoa kitu chake kichunguzwe ana haki ya kuelezwa kabla, kukataa akitaka, jina lake kufichwa, na kuambiwa matokeo kabla ya wengine. Mashindano makubwa yanadai barua za ruhusa kwa sababu hiyohiyo. Mabinti waliandika sheria ya mama wa Mudaka kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye yao.

Lwiro

Baada ya Miti na Kavumu tuliacha barabara kubwa na kupanda. Yule asiyewahi kuiona Lwiro atashangaa. Katikati ya mashamba ya watu kunatokea majumba makubwa yenye matao, viwanja vya maua na paa za vigae, kama nyumba ya watawa iliyopotea njia. Wabelgiji walianzisha shirika la utafiti la IRSAC mwaka 1947 na wakajenga hapa makao yake. Leo panaitwa Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili, na ni Wakongomani wanaokishika, pamoja na shida zote za mishahara na vita.

Tuliingia katika maktaba ambamo vitabu vimepanda mpaka darini. Tuliona nyoka na ndege waliohifadhiwa tangu zamani, na mabinti wakasahau kuogopa. Tulielezwa habari ya mashini za kusikiliza tetemeko la ardhi, maana Lwiro inafuatilia volkano za Nyamulagira na Nyiragongo. Kwa mbali tulisikia kelele za sokwe: toka mwaka 2002 kuna hapo nyumba ya kulelea sokwe na nyani waliookolewa mikononi mwa wawindaji, na sokwe peke yao wamepita mia moja. Tulipita pia karibu na hospitali ya watoto, ambapo wamama wa Kabare na Kalehe wanaleta wale waliopungukiwa chakula. Hapo hatukusema mengi. Tuliona mama ameshika mtoto mwenye miguu iliyovimba, na tukajua vizuri kwa nini tumekuja.

Tukiwa kilimani, mtu mmoja wa kituo alituonyesha kisiwa cha Idjwi kule ziwani na kutupa hadithi ambayo kila mama anapaswa kuijua. Katika miaka ya 1960 watafiti walipima shingo za watu wa Idjwi. Kaskazini ya kisiwa watu wengi sana walikuwa na tezi ya shingo. Kusini-magharibi walikuwa wachache. Ajabu ni kwamba madini ya iodi yalikuwa machache pande zote mbili. Basi tofauti imetoka wapi? Baada ya kutafuta sana waliona mkono wa mihogo. Mwili ukipata sianidi kidogo unaigeuza kuwa kitu kingine, tiosianati, na hicho kinazuia shingo isishike iodi ile kidogo iliyopo. Kwa hiyo iodi haba pamoja na mihogo isiyotengenezwa vizuri vinazaa tezi.

"Mmeona?" akawaambia mabinti. "Walikuwa na sehemu mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Utafiti ni kutafuta hicho kimoja."

Kisha aliomba kusoma mpango wao. Mabinti walikuwa wamepanga kununua unga katika masoko mengi na kuupima. Alisoma mpaka mwisho, akawauliza maswali matatu tu.

La kwanza: mnalinganisha na nini? Unga wa soko ukionekana mbaya, ni kwa sababu ya siku chache, au ya aina ya mhogo, au ya shamba? Hamtajua.

La pili: mtarudia mara ngapi? Mara moja inaweza kuwa bahati.

La tatu: kama matokeo yatapinga mnayoamini, mtayaandika?

Kwa swali la tatu walijibu ndiyo kwa pamoja. Kwa mawili ya kwanza walikaa chini ya mti pamoja na mwalimu wao saa nzima, na sisi wamama tukawasha moto wa chai. Waliporudi mpango ulikuwa mwingine, na ni huu.

Mihogo michungu itatoka katika shamba moja, siku moja, aina moja. Nusu italowekwa hapa Bukavu, nusu Kamanyola kwa shangazi wa mmoja wao, katika joto la bonde. Kila upande watachukua mhogo usiolowekwa, kisha wa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Hiyo ni vipimo sita kwa kila mahali. Kila kipimo watakirudia mara tatu. Sita mara mbili ni kumi na mbili, mara tatu ni thelathini na sita. Wanazo karatasi za kupimia arobaini tu, walizopewa na mwalimu mmoja wa chuo kikuu. Nne zitakazobaki watapimia unga wa soko, na ule wa mama wa Mudaka ndio wa kwanza.

Karatasi hizo ni kitu chepesi kuliko tulivyodhani. Ni kipande cha karatasi ya njano iliyotiwa dawa ya pikrati. Unatia unga kidogo na maji ndani ya kichupa pamoja na karatasi hiyo, unafunga kabisa, unaacha mpaka kesho yake. Kama sianidi ni nyingi karatasi inageuka kahawia. Unailinganisha na rangi zilizochapishwa ili kujua kiasi. Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, ndiye aliyetengeneza njia hii ili itumike vijijini, mahali pasipo na labo. Kipimo kinachokubaliwa na mashirika ya dunia ya chakula na afya ni miligramu 10 tu kwa kilo moja ya unga.

Kwenye maji

Tuliposhuka tulisimama penye kijito ambamo wamama wa kijiji wanaloweka mihogo yao. Walikuwa wamechimba vishimo pembeni, wakavifunika kwa majani na mawe. Harufu ilikuwa kali, ile tunayoijua. Tulimkuta koko mmoja anapekua mihogo yake, na mabinti wakapiga magoti kumsalimu.

Mmoja alimwuliza, "Koko, unajuaje kwamba imefika?"

Koko hakujibu kwa siku. Alichukua mhogo mmoja akaubonyeza kwa kidole gumba. Ukapasuka, na uzi wa katikati ukatoka wenyewe. Akachukua mwingine, akaubonyeza, ukakataa. "Huu bado. Siku ni za nani? Mwezi huu wa baridi maji yanalala. Wakati wa joto siku tatu zinatosha. Sasa ni tano, hata sita. Yule anayehesabu siku bila kubonyeza anajidanganya."

Mwalimu alitutazama sisi, akawatazama mabinti. Koko alikuwa amesema kwa kinywa chake yale ambayo mabinti wanataka kupima kwa karatasi: vijidudu vinavyolainisha mhogo vinafanya kazi polepole katika baridi. Binti mmoja akaongeza mstari katika mpango: kila siku, kabla ya kupima, watabonyeza kila mhogo kwa kidole na kuandika kama umekubali au umekataa. Wakiona kwamba kidole cha koko na karatasi ya njano vinasema neno moja, mama yeyote katika Kivu atakuwa na kipimo kisichouzwa.

Tulimwomba koko ruhusa ya kuandika maneno yake. Alikubali, lakini akauliza kama mashindano yana zawadi. Tulipomwambia iko kwa watakaoshinda, akasema, "Basi wakishinda waniletee chumvi." Mabinti wameiandika hiyo pia.

Yale ambayo mashindano yanadai

Sasa tuje kwenye mambo ya kazi, maana wazazi wengi wanataka kujua.

Mashindano ya namna hii hayamwulizi mtoto yale aliyoyakariri. Yanamwuliza yale aliyoyatafuta mwenyewe. Yale makubwa zaidi ya sekondari duniani, yanayoitwa ISEF, yalianza Philadelphia, Marekani, mwaka 1950, na mengi mengine yamefuata desturi zake. Kikundi kisizidi watu watatu. Muhtasari usizidi maneno 250. Hairuhusiwi kuotesha bakteria nyumbani, kwa sababu huwezi kujua umeotesha nini. Kazi yenye hatari inaombewa ruhusa kabla ya kuanza. Mabinti wetu hawaoteshi kitu. Wanaacha mihogo ichachuke kama sisi sote tunavyofanya, na vichupa vya karatasi vitafunguliwa shuleni, mbele ya mwalimu, kwa glavu.

Kitu cha thamani kuliko vyote ni kaye. Kila siku inaandikwa tarehe, saa, hali ya hewa, joto la maji na kilichoonekana, kwa kalamu ya wino. Ukurasa hauchanwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja na kuandika tena. Waamuzi wakisoma kaye wanajua kama mtoto alifanya kazi mwenyewe au alifanyiwa na mkubwa. Kwa hiyo, wamama na wababa, tusiwaandikie. Tuwasikilize tu. Kila jioni mwambie binti akueleze kazi yake kwa Kiswahili au kwa Mashi, bila neno moja la kitabu. Ukielewa, mwamuzi naye ataelewa. Usipoelewa, si wewe uliye mjinga: bado yeye hajaelewa vizuri.

Kuhusu feza: karatasi tulipewa. Mihogo ni ya shamba la mwanachama. Gharama ni usafiri wa Kamanyola kwenda na kurudi, vichupa, glavu, na bango la kuonyeshea kazi. Sanduku la mshikamano limetoa nusu, na wazazi wa mabinti wametoa nusu. Katika ofisi moja tulipopeleka barua ya kugongwa muhuri tuliombwa "soda". Tulikaa pale wamama wanne, tukafungua chakula chetu, tukala polepole. Kabla hatujamaliza muhuri ulipatikana bila soda.

Wakati wa kurudi mwalimu alitusimulia habari ya wasichana watatu wa sekondari wa mji mdogo wa Kinsale, nchi ya Ireland: Ciara Judge, Emer Hickey na Sophie Healy-Thow. Emer alikuwa analima bustani na mama yake, akaona vinundu kwenye mizizi ya njegere. Ni vilevile tunavyoviona kwenye mizizi ya maharagwe yetu tukiyang'oa. Aliuliza ni nini. Ni nyumba za bakteria zinazolisha mmea. Wakajiuliza kama bakteria hao wanaweza kusaidia nafaka nazo ziote upesi. Walijaribu maelfu ya mbegu za shayiri na nafaka nyingine, wakaona zinaota mapema zaidi. Mwaka 2014 walishinda zawadi kubwa ya mashindano ya sayansi ya Google. Kazi iliyofika duniani ilianza katika bustani ya mama, kwa mtoto aliyeuliza na mama ambaye hakumwambia, "Nyamaza, lima."

Mkiwa mnangoja matokeo

Hatutaki mama yeyote angoje mashindano ili kulinda watoto wake. Kuna njia moja ambayo imekwisha kujaribiwa hapa nchini. Katika kijiji cha Kay Kalenge, territwari ya Popokabaka, wamama walifundishwa kulowesha unga wenyewe, na katika muda wa kazi ile hakutokea mgonjwa mpya wa konzo. Inafanyika hivi:

Tia unga wa mihogo katika beseni, usawazishe, weka alama ubavuni penye kimo chake. Mimina maji kidogo kidogo ukichanganya. Kwanza unga unashuka, kisha unapanda tena. Ukifika kwenye ile alama, simama. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka au turubai, mwembamba usiozidi sentimeta moja. Acha saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu inaruka. Kisha upike bugali siku hiyohiyo, usiweke mpaka kesho.

Hii haiondoi kazi ya kuloweka. Inaongeza ulinzi pale unapokula unga wa soko ambao hujui ulitoka wapi. Tena usimpe mtoto bugali na sombe peke yake kila siku. Maharagwe, sambaza, yai, hata kidogo, vinaupa mwili nguvu ya kushinda sumu. Na tumia chumvi yenye iodi.

Tunachowaomba

Kwanza, wale walio na ndugu Kamanyola au Luvungi wanaoweza kusaidia kuchukua joto la maji asubuhi na jioni, wamwone mama mwandishi wa chama.

Pili, kwa siku zote za kuloweka mabinti hawa watatu wasitumwe majini wala sokoni saa za kupima, yaani saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Kaka zao wana mikono. Baba mmoja alitwambia kwamba binti wa miaka kumi na saba anapaswa kufikiriwa ndoa, si chupa. Tulimwalika aje aone karatasi ya kwanza ikigeuka rangi. Amekubali kuja, na tutampa kiti cha mbele.

Tatu, yule atakayepimiwa unga wake na kuambiwa kwamba una sumu asione haya. Yeye ndiye atakuwa ameokoa nyumba ya jirani. Na sisi tuliobaki tusipeleke jina lake mtaani. Sheria ya mama wa Mudaka inatufunga sisi pia.

Mihogo itang'olewa Jumatatu alfajiri na kuingia majini siku hiyohiyo, Bukavu na Kamanyola kwa saa moja. Kipimo cha mwisho kitafunguliwa Jumapili jioni, baada ya ibada. Siku ya kwenda mbele ya waamuzi tutawatangazia hapa. Mkija mtoni kuangalia, mnakaribishwa. Leteni vidole gumba vyenu.